Marhun na Swala wa Miguu Juu

Wasikilizaji wapendwa, salamu kutoka studio yetu ndogo hapa Dubai. Ni mimi Bi Badriya. Kama una chungu jikoni, punguza moto kwanza, usije ukaunguza kitu kwa ajili yangu. Kisha kaa nami.

Leo tunamkumbuka Mzee Marhun Seif wa Bur Dubai. Marhun alifariki Jumanne iliyopita, baada ya sala ya alasiri. Tumemzika makaburini Qusais. Ameacha mke, Bi Masuda, na binti yao mmoja, Asila, na mjukuu, Maan. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: ni Marhun Seif, yule mrefu aliyekuwa akitembea na kioo cha kukuzia mfukoni, mahali ambapo wenzake huweka simu.

Alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi. Alikuja Dubai angali kijana, miaka ya sabini, akapata kazi kwenye duka la kubadilishia fedha, karibu na zinapofunga abra, zile mashua za kuvushia watu khori, mkono wa bahari uliokata mji. Alikuwa mtu wa sarafu. Akizipanga moja juu ya mwenziwe, akizikunja kwa karatasi, akibana ncha mbili kwa dole gumba. Msokoto wake ulikuwa mgumu kama fimbo. Ukiuangusha haufunguki.

Alipostaafu, mikono haikukubali kukaa bure. Akawa anachukua misokoto ya robo dirhamu, zile sarafu za nikeli zenye picha ya swala, anaifungua juu ya kitambaa cha kijani, anazitazama moja moja. Akitafuta za miaka ya mwanzo. Akitafuta zaidi zenye kasoro, yaani zilizokosewa kiwandani zikaponyoka. Wakusanyaji huzipenda sana hizo.

Bi Masuda alikuwa akimtania. "Wenzio wanatafuta lulu, wewe unatafuta makosa."

Naye humjibu, "Makosa ya wengine, mama Asila. Yangu unayatafuta wewe."

Basi daktari akamwambia ana presha ya macho, na kwamba uoni unakwenda, hautarudi. Marhun alinambia mwenyewe, tumekaa sebuleni kwake, sahani ya vileja katikati: "Badriya, mimi sitaki makubwa. Nataka niione moja yenye kasoro kwa macho yangu haya, kabla hayajazimwa." Hilo tu ndilo alilolitaka. Liwekeni moyoni.

Na aliipata. Mwaka 2014, wasikilizaji wapendwa, aliipata. Sarafu ya robo, ukiishika upande wa maandishi ukaigeuza kama ukurasa wa kitabu, swala husimama kwa miguu yake. Huyu alikuwa kichwa chini, miguu juu. Marhun aliita nyumba nzima. Bi Masuda anasema alikuwa akiigeuza na kucheka, akiigeuza na kucheka, mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanzu.

Sasa sikilizeni alivyoihifadhi. Mtu mwingine angeitia kwenye kijisanduku. Marhun alikuwa mtu wa dukani. Kwake yeye sarafu mahali pake pa salama ni ndani ya karatasi, baina ya wenzake. Akaiweka katikati ya msokoto mpya, akaubana, akautia kwenye droo. Angeipeleka kwa wakusanyaji wenzake wiki ile ile wakaione. Hakumwambia mkewe ameiweka wapi. Hakuona haja.

Ijumaa yake Maan alitimiza mwaka. Mnajua kwetu: mtoto akitimiza mwaka hukalishwa juu ya kanga, akamwagiwa kichwani bisi na peremende na sarafu, na watoto wa jirani wakagombania. Wanaume wako msikitini. Asila akasema, "Mama, sarafu zimekuwa chache." Bi Masuda akenda kwenye droo, akauona msokoto, akaupasua.

Watoto walishuka ngazi mbio hadi bakala, kile kiduka cha chini ya jengo, wakanunua chipsi na juisi. Bakala ikawapa wanunuzi wengine chenji. Basi, imekwenda.

Marhun akarudi, akafungua droo. Bi Masuda amenipa ruhusa niyaseme maneno yao kama yalivyokuwa.

"Mama Asila, msokoto wa humu uko wapi?"

"Tumemmwagia mtoto. Si chenji ile?"

Marhun akakaa kitandani. Kisha akauliza, "Mtoto kafurahi?"

"Kafurahi."

"Khalas, basi. Ndiyo kazi ya pesa."

Hakumgombeza, si siku ile wala siku nyingine. Bi Masuda anasema, "Laiti angenigombeza, Bi Badriya. Ningelia, tukamaliza."

Toka hapo Marhun akafanya mpango na Munir, mtu wa Mombasa, anayeuza pale bakala. Kila Alhamisi Munir humpa robo zote za wiki, naye humlipa kwa noti. Huenda yule swala angerudi. Wakizifungua alasiri, mume na mke, kitambaa kile kile cha kijani. Macho yalipozidi kufifia, Bi Masuda akawa ndiye macho. Mimi nimewakuta hivyo mara nyingi. Yeye anageuza, anasema, "Kasimama." Marhun anajibu, "Weka." "Kasimama." "Weka." Mpaka inaadhiniwa magharibi. Mwishowe Marhun akawa haoni ila mwanga wa dirisha, na bado Alhamisi wamekaa. "Kasimama." "Weka."

Swala wa miguu juu hakurudi. Nalisema wazi, msije mkangoja. Hakurudi mpaka Marhun anakwenda.

Siku ya tatu ya matanga Munir alipanda juu, kabeba katoni ya maji, machozi yanamtoka. Akanivuta kando ya mlango.

"Mamangu, nina neno lanikaba. Mzee alishuka dukani peke yake, mwaka juzi, ashika ukuta. Nikamwambia, mzee, hizi robo zakutesa, wacha nizipeleke benki. Akanambia, 'Munir, mimi ile sarafu nshaisamehe zamani. Hata ikija leo sitaiona. Lakini nikiacha, Masuda atadhani nimekata tamaa kwa sababu yake. Endelea kunipa, na umfiche.'"

Nikamwambia Munir, hili si langu. Nenda kamwambie mwenyewe. Akaenda, akapiga magoti mbele ya mkeka wa mfiwa, akasema yote.

Bi Masuda alimsikiliza mpaka mwisho. Akanitazama mimi. Akasema, "Mimi mgongo ulikuwa ukiniuma, Badriya. Kila Alhamisi. Nilikuwa nikikaa kwa sababu nikidhani yeye anaitaka." Kisha akasema taratibu, kama anayejisemea, "Alikuwa akipenda upepo wa khori. Tungekwenda zetu kukaa khorini."

Asila alimshika.

Bi Masuda, dada yangu, pole. Asila mwanangu, pole. Maan, ukikua watakusimulia, na usijione una kosa. Babu yako aliuliza kwanza kama umefurahi. Nawe Munir, pole, umebeba mzigo wa watu wazima. Mwenyezi Mungu amfungulie Marhun nuru ya kaburi lake, na awape subira aliowaacha.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, mlioko Al Nahda, mlioko kwenye minara ya JLT mnaokesha malindoni, mlioko majumbani kwa watu. Liko jambo unalolifanya kila wiki kwa ajili ya mwenzio, nawe umechoka, umenyamaza kwa mapenzi. Huenda naye kachoka, kanyamaza kwa mapenzi hayo hayo. Kipindi nakifunga sasa hivi. Yuko chumba cha pili, au yuko kwenye simu, yu hai. Mwulize.