Boksi la Chokoleti Nililomletea Baba

Bwana apewe sifa, watu wa Karurumo! Mniruhusu nishike hii maiki kwa mikono miwili, maana ushuhuda huu ni mzito.

Mimi ni msichana wa Mzee Njiru, mimi niliyekuwa nikifanya kazi za nyumba Uarabuni. Nilirudi Alhamisi. Ndugu zangu, kule uwanja wa ndege kiburi kilinishika! Nikasema, siendi nyumbani na biskuti kama mtu aliyetoka Embu mjini. Nikaingia duka la zawadi, nikanunua boksi la chokoleti ghali kuliko zote, limefungwa utepe wa dhahabu. Maandishi sikusoma. Nilisoma bei tu.

Kwetu mgeni akileta kitu, mzee wa boma ndiye huonja kwanza, ndipo watoto waguse. Baba alikataa, eti meno yake ni mabovu. Nikambembeleza, nikamtia moja mdomoni. Kwa mkono wangu huu!

Akauma, halafu akaacha kutafuna.

"Mami," akaniambia, kwa sababu nimepewa jina la mama yake, "hii kitu iko na pombe."

Jamani, nilishtuka! Baba ana miaka sita tangu Mungu amtoe kwenye pombe ya chang'aa. Mnakumbuka alivyokuwa akilala mtaroni, mama akimfunika blanketi huko huko. Nikageuza boksi. Wiski, kwa herufi ndogo! Baba akatema, akachukua kofia, akatoka akielekea sokoni, kule kwenye zile baa tatu. Nikataka kumfuata. Mama akanishika gauni.

"Mwache," akasema, naye analia.

Tulikaa kama watu wa matanga. Na niseme ukweli, ndugu zangu: nilikuwa nimeshaamua tufiche, kanisa lisijue kamwe.

Baba akarudi na wazee wawili wa kanisa, hawa walioketi hapa mbele. Alikuwa amezipita zile baa zote, akaenda kuwatoa shambani na matope miguuni! Akapiga magoti mbele yetu sisi watoto wake.

"Nimeonja, na nimesikia utamu," akasema. "Niombeeni sasa hivi, kabla giza liingie."

Sijawahi kuona kitu kama hicho. Asante Yesu! Tangu hapo baba yangu hajagusa tone jingine, na mimi nimewekwa huru kutoka kwa kiburi changu.

Na wewe uliyeonja kitu wiki hii, ukakaa hapo ukanyamaza, njoo mbele. Baba amesema atapiga magoti na wewe.