Dereva Aliyeteremshwa

Tulichelewa kuondoka. Dereva wa basi letu alipopuliza kipimo cha ulevi kwenye geti la stendi, taa nyekundu iliwaka, akateremshwa, akatafutwa mwingine.

"Kumdhalilisha mtu mzima mbele za watu!" alinung'unika mzee aliyekaa mbele yangu, dereva mstaafu kwa maelezo yake mwenyewe. "Mimi nimeendesha mabasi na chupa zangu mbili tumboni, sijaua hata kuku."

"Aliyemuua binti yangu naye alikuwa hajaua hata kuku," alijibu mama aliyekaa naye, macho dirishani.

Mzee alikohoa. Wastaafu hukohoa vizuri sana.

"Pole, dada. Lakini dereva mzoefu anajijua."

"Wote wanajijua, kaka. Binti yangu alinipigia simu akiwa safarini. Alikuwa amewaambia abiria kwamba dereva ananuka pombe, wakamwambia akae, wanachelewa. Kile kidude cha getini hakiambiwi kikae."

Basi lilisimama kwenye kituo alichoshukia mama. Mzee alimbebea mfuko wake hadi mlangoni.

"Hata hivyo," alisema, "yule kijana aliyeteremshwa angetufikisha."

Mama aliupokea mfuko, akashuka.