Jina Nililolifuta Ubaoni

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani, mliofanya kazi na marehemu jeshini na kwenye gereji, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kukaa nasi, familia imenituma mimi, mdogo wake wa kuzaliwa, ambaye wengi mnanijua kama katibu wa kanisa hili, niwasomee maisha ya kaka yangu, na naomba mnivumilie nikikwama, kwa maana karatasi hii nimeiandika mara nne na bado haijanyooka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1978, katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa baba yetu fundi bomba na mama yetu mshonaji. Alipokuwa na miaka saba aliifungua redio ya baba, akaifunga tena, zikabaki skrubu tatu mkononi, na redio ikasikika vizuri kuliko mwanzo, ndipo baba, aliyekuwa ameshainua mkanda, akauteremsha na kumpa jina la Spana, jina lililomganda mpaka leo, hata humu kanisani.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1986 hadi 1992, akaendelea na sekondari hadi 1996, kisha chuo cha ufundi wa magari, alikohitimu Desemba 1998. Katika miaka hiyo aliimba besi kwenye kwaya hii, na mwalimu wa kwaya, aliyeko hapa, alikuwa akimwambia kwamba anaburuta wimbo kama lori linalopanda mlima, naye anajibu kwamba afadhali lori lake linafika.

Tarehe 1 Februari 1999 aliajiriwa jeshini akiwa fundi wa magari, na tarehe 16 Novemba 2002 alifunga ndoa mbele ya madhabahu haya na shemeji yangu, fundi cherehani, ambaye gauni lake la harusi alilishona mwenyewe. Mungu akawajalia watoto watatu, binti mkubwa mwaka 2004, ambaye sasa anasomea uuguzi, kijana wa kiume mwaka 2009, na kitinda mimba wetu, binti, mwaka 2016.

Tarehe 11 Juni 2017 kikosi chao kilipelekwa vitani, na hapo kanisa hili lilifanya jambo ambalo sitalisahau. Jina lake nililiandika mwenyewe kwa chaki kwenye ule ubao wa maombi pale mlangoni, likasomwa kila Jumapili kwa miezi kumi na minne, kina mama wakapokezana kukaa na shemeji, vijana wakaziba bati lililokuwa linavuja, na nyumba ile haikupata kulala peke yake na hofu yake.

Alirudi nyumbani Alhamisi, tarehe 16 Agosti 2018, na Jumapili iliyofuata tukamwita mbele akiwa na sare, tukaimba, tukampa saa ya ukutani, kisha, kwa utaratibu wetu wa siku zote kwa aliyerudi salama, nikachukua kitambaa kibichi, nikalifuta jina lake ubaoni mbele ya watu wote, nanyi mkapiga makofi mpaka mabati yakalia. Nilimwona ameshtuka, nikadhani ni furaha.

Tulikuwa tumemaliza. Kina mama hawakurudi kwa shemeji, kwa sababu mume si amesharudi, na vijana hawakurudi, kwa sababu mwenye nyumba si fundi. Mtoto wao mdogo alijifunza peke yake kusimama mbali na kusema, "Baba, nakuja," kabla hajamgusa, na binti wa miaka miwili akijifunza hivyo, ndugu zangu, kuna kitu kimeharibika, nasi majirani tulikiona tukakiita nidhamu.

Aliacha jeshi tarehe 30 Juni 2019, akapata kazi kwenye gereji ya mabasi, lakini akaomba akae stoo, akiwapa wenzake vipuri huku yeye mwenyewe hagusi injini, na nyumbani pampu ya maji ikakaa mbovu mwaka mzima. Jenereta la kanisa lilipozima mwezi Oktoba mwaka ule, tulimwomba alitazame, akasema hawezi, tukamwona amevimba kichwa, na tarehe 27 tulikwenda kwake wazee wawili na mimi kumwonya juu ya majivuno. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatusindikiza hadi barabarani, akatuambia, "Asanteni kwa kuja." Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Humu ndani pia tulimsumbua. Yeye alitaka kukaa nyuma, ambako anauona mlango, na wakaribishaji wetu, wenye bidii ya kujaza viti vya mbele kwanza, walimshika mkono kila Jumapili wakamsogeza, mpaka akaacha kuingia, akawa anasikiliza ibada akiwa amesimama nje karibu na bomba. Aliyemwelewa ni mmoja tu, mama anayefagia kanisa hili, ambaye marehemu mumewe naye alikuwa askari. Mama huyu hakuwa na mahubiri, alichukua kiti cha plastiki, akakiweka pale pembeni, mgongo ukutani, uso mlangoni, akawaambia wakaribishaji, "Hiki kina mwenyewe, atakayemwondoa ataniondoa na mimi," na kila Alhamisi akienda kukaa na shemeji, wakimenya viazi, hata bila kuongea. Kiti kile kilimrudisha kaka yangu ndani ya kanisa kwa miaka minne.

Presha iligundulika Machi 2020, na tarehe 2 Mei mwaka huu alipata kiharusi cha kwanza, akapoteza nguvu za mkono wa kulia. Tarehe 1 Septemba akapata cha pili, akalazwa, na Jumapili ya tarehe 8, tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya wodi, shemeji akanieleza nisichokuwa nimekijua kwa miaka sita. Asubuhi ya tarehe 5 Machi 2018, huko vitani, lori la mbele la msafara lilikataa kuwaka, wenzake wakataka waahirishe safari, yeye akalala chini yake akilitengeneza kwa saa nzima mpaka likawaka, wakampigia makofi, na lori lile ndilo lililokanyaga bomu, likaua watatu. Tangu siku hiyo aliiogopa mikono yake mwenyewe. Nasi tulikwenda kumwonya kwa ajili ya jenereta.

Shemeji akaniambia na jingine, kwamba ile Jumapili ya makofi, walipokuwa njiani kurudi nyumbani, marehemu alikuwa amebeba ile saa ya ukutani kifuani, akamwambia, "Mama watoto, wamenifuta, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa naanza kuwahitaji."

Niliingia wodini nikamwomba msamaha, na sijui kama alinisikia. Alifariki Jumanne, tarehe 10 Septemba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake mdogo, ambaye kabla ya kumshika alisema, "Baba, nakuja."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani waliombeba siku ya kiharusi bila kungoja gari, wenzake wa gereji waliomwachia stoo yake bila kumhoji, wenzake wa jeshini mliokuja leo, ambao tunawaomba msiondoke kabla hatujajua mnakaa wapi, na mama yetu mfagiaji, ambaye alifanya kwa kiti kimoja kazi ya kanisa zima.

Kwa utaratibu wetu, majina ya wafiwa huandikwa ubaoni siku ya msiba, na hufutwa Jumapili baada ya maziko, yaani kesho. Asubuhi hii nimeandika jina la shemeji na majina ya watoto wote watatu, na mimi katibu wenu natamka mbele ya jeneza hili kwamba kesho sitayafuta, wala Jumapili ijayo, wala Jumapili nyingine nitakayokuwa hai, na chaki ikififia nitarudia juu yake.

Kaka, lako nililifuta wewe ukiwa bado njiani. Pumzika kwa amani.