Mama Hildegarda na Ndevu za Mzee Lupakisyo

Wasikilizaji wapendwa, popote sauti hii inapowakuta, Kilosa mjini, Rudewa, Mikumi, na hata kule juu milimani Vidunda, karibuni tukae pamoja. Mimi ni Evance. Leo tunamkumbuka mchoraji. Tunamkumbuka Mama Hildegarda wa Magomeni, Kilosa, aliyefariki wiki iliyopita nyumbani kwake. Amezikwa kwao Vidunda.

Wengi mnaijua kazi yake hata kama hamkumjua mwenyewe. Yale mabango ya saluni pale Magomeni, yenye wanawake waliosuka mitindo ya mabutu na twende kilioni, ni mkono wake. Alianza na mabango. Baadaye akaacha rangi, akashika penseli, akawa anachora sura za watu.

Wachoraji wengi huanza na macho. Mama Hildegarda alianza na nywele. Nywele kwanza, uso baadaye. Mimi mwenyewe, mnayenisikia tu, sina hata unywele mmoja. Aliponichora nikasema leo kazi yake imerahisika. Wapi! Alihangaika na kichwa changu mpaka shingo ikaniuma. Nikamuuliza, "Mama, unatafuta nini hapo?" Akacheka. "Natafuta zilipokuwa, Evance. Zimeacha mpaka."

Sasa sikilizeni habari ya Mzee Lupakisyo.

Mzee Lupakisyo alikuwa wa Rudewa. Alikuja kijana kutoka Tukuyu kufanya kazi kwenye mkonge, akabaki, akazeeka hapo. Uzeeni akapata ugonjwa wa kusahau. Siku moja, masika yakiwa yanaisha, alitoka nyumbani asubuhi na hakurudi. Wanawe, Zabron na Tumwagile, walimtafuta mashambani, mtoni, kwenye maboma ya wafugaji. Hakuna.

Picha waliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, ya kitambulisho cha mpiga kura. Hapo mzee amenyolewa kichwa na kidevu, safi kabisa. Wakaikuza, wakatoa nakala, wakabandika Kilosa, wakabandika mpaka stendi ya Mikumi. Siku zikapita. Simu haikuita.

Ndipo Tumwagile akaenda kwa Mama Hildegarda. Alitaka achorewe picha kubwa ya baba yake, iwepo nyumbani. Alikuwa ameshakata tamaa, wasikilizaji. Alikuwa anatafuta kumbukumbu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

Mama Hildegarda akakitazama kile kitambulisho. Akauliza, "Nani alikuwa anamnyoa?"

"Mimi. Kila Jumamosi, ili aende ibadani akiwa msafi."

"Na sasa hivi, huko aliko, nani anamnyoa?"

Tumwagile akakitazama tena kile kitambulisho.

"Mwezi unaisha tangu apotee, mwanangu. Huyu wa kwenye kitambulisho hayupo tena. Niambie, nywele zake zikiota zinakuwaje?"

"Sijawahi kumwona nazo, mama. Baba hakuwahi kufuga ndevu."

"Mikono yako inajua. Fumba macho, mnyoe."

Tumwagile alinisimulia mwenyewe. Alifumba macho, akanyoosha mikono kana kwamba kichwa cha baba yake kiko mbele yake. Mwanzoni alijisikia mjinga. Halafu vidole vikaanza kukumbuka. "Utosini hakuna kitu," akasema. "Juu ya masikio ni nyingi, ngumu. Kisogoni zinalala kushoto, wembe ulikuwa unakwama hapo. Ndevu ni nyeupe. Ila hapa, chini ya mdomo, pana nyeusi kidogo."

Akaongea huku analia. Mama Hildegarda akachora. Zile mvi hakuzichora. Aliziacha, akatia kivuli pembeni mwake, na weupe wa karatasi ukawa ndevu.

Zabron alipoiona picha hakuipenda. "Mama, huyu siyo baba. Tutakuwa tunamtafuta mtu mwingine."

Mama Hildegarda hakubishana. "Inawezekana nimekosea, baba. Lakini ile nyingine mmeshaibandika. Jaribuni na hii."

Wakaibandika stendi ya Mikumi, pembeni ya ile ya kwanza.

Simu iliita kabla hawajafika Rudewa. Ilikuwa ya Bibiana, mama lishe wa palepale stendi. "Huyu mzee mwenye ndevu namjua," akasema. "Analala kwenye baraza ya fundi viatu. Hajui jina lake. Asubuhi huwa nampa uji."

Wasikilizaji wapendwa, Bibiana alikuwa akiipita ile picha ya kwanza kila siku. Aliniambia, "Nilikuwa naitazama nasema, maskini, sijui mzee wa watu yuko wapi. Kumbe ndiye ninayempa uji!"

Waligeuza hapohapo. Walimkuta amekaa barazani, amekonda, miguu imevimba, lakini mzima. Mzima! Na ndevu zake nyeupe, na ile alama nyeusi chini ya mdomo. Zabron akakaa chini kwenye vumbi. Tumwagile akapiga magoti.

"Shikamoo baba."

Mzee akamtazama. Akamtazama tena. Akajishika kidevu.

"Marahaba. Mbona umechelewa kuja kuninyoa?"

Mzee Lupakisyo aliishi miaka miwili mingine. Alifia kitandani kwake, Rudewa, wanawe wakiwa wamemshika.

Mwaka jana Mama Hildegarda naye akaugua saratani. Dawa zikamwondolea nywele zote. Bintiye, Grace, akamnunulia wigi nzuri ili asione aibu mbele ya wageni. Akaivaa siku moja, akaivua, akaomba kioo na penseli. Akajichora vile alivyo. Grace anasema ilichukua siku nyingi, maana alikuwa anachoka upesi. Alipomaliza akasema, "Haya. Sasa nimepumzika." Mwezi wake wa mwisho hakuwa na maumivu. Alikuwa anakula, anacheka, anasalimiana na majirani. Alilala mchana, akaondoka usingizini.

Siku ya mazishi, ndugu walitaka picha ya zamani iwekwe juu ya jeneza, ile yenye nywele. Grace akakataa. Akaweka ile ya penseli. Na Tumwagile, aliyepanda mlima kutoka Rudewa, akaibeba hadi kaburini.

Grace, na familia yote ya Vidunda na Magomeni, poleni sana. Tunalia nanyi, na tunashukuru nanyi kwamba mwishoni hakuteseka.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, mnaowanyoa wazazi wenu, mnaowasuka wadogo zenu, msifanye haraka haraka ili mmalize. Hiyo mikono yenu inajifunza mtu.