Watembeaji wa Igogo na Simu Zisizosema

Mgeni rasmi, Daktari Dorcas Shigela, kiongozi wa utafiti wa kutembea kwa afya. Mwenyekiti wetu wa mtaa. Na ninyi nyote mlioongozana na mgeni wetu: wadogo wanawaamkia shikamoo, na wakubwa tunawakaribisha Igogo.

KARIBU KWETU

Tunafurahi kukuona. Tungefurahi zaidi kama ungeanzia huku. Tumesikia asubuhi ulikuwa Buzuruga, wakakuimbia na kukulisha samaki, sato wa kuchoma. Sato wetu yupo jikoni, na ni mkubwa. Tunakuomba umle hata kama umeshiba.

TULIKOTOKA

Sisi ni wagonjwa wa presha na kisukari tuliojuana kwenye benchi la kliniki. Mwaka jana wataalamu wako walitupa simu janja, wakatuambia tutembee kila siku, simu itahesabu hatua zetu. Wenzetu wa Buzuruga walipewa simu za aina ileile. Tofauti tulielezwa mapema, tukatia sahihi wenyewe, hatumlaumu mtu. Simu za Buzuruga zingewaambia wametembea kiasi gani na kuwatia moyo. Zetu zingehesabu na kunyamaza, ili baadaye ijulikane kama maneno ya simu yanasaidia. Tulidhani kunyamaziwa ni jambo dogo.

TULIYOYAFANYA

Tulianza kwa nguvu. Njia zetu ni mawe na vilima, na tulizipanda. Bwana Okwach, fundi wa injini za mitumbwi, aliacha bodaboda, akawa anashuka mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, kwa miguu mpaka mkanda wake ukaongezwa tundu. Mama Suzana Mihayo, fundi cherehani, alikuwa akiwapelekea wateja nguo zao majumbani badala ya kuwangoja. Hatukusifiwa na yeyote, ila tulitembea.

YALIYOTUPATA

Mgeni rasmi, hapa tutakaa kidogo.

Mama Suzana ana dada yake, Mama Justa, anayeishi Buzuruga, naye yumo kwenye kundi la huko. Siku ya kipaimara cha mtoto wa Justa, Suzana aliondoka hapa kwa miguu, jua likiwa kali, hadi kwa dada yake. Alipokuwa anajifuta jasho, simu ya Justa ikasema mbele ya wageni: "Hongera, Justa! Leo umetembea zaidi ya jana!" Watu wakapiga makofi. Justa siku hiyo alikuwa ametembea kati ya jiko na turubai.

"Inakuita jina?" Suzana akauliza.

"Kila siku," Justa akajibu. "Kwani yako haikuiti?"

Suzana akaitoa simu yake, akaitazama. Ilikuwa kimya. Akarudi kwa bajaji kabla ya pilau.

Alipotusimulia, tulishikwa na wivu. Tumetafuta neno la adabu zaidi tukalikosa. Tukikutana na mtu wa Buzuruga sokoni, tulimwangalia simu kabla ya kumwangalia uso. Bwana Okwach alirudi kwenye bodaboda. "Nitembee, halafu nimwambie nani?" alisema. Suzana aliifungia simu kabatini, akawaambia wateja wafuate nguo wenyewe. Baadaye hata dawa akawa anaziruka.

Asubuhi moja alianguka kutoka kwenye cherehani, kitenge cha mteja kikiwa bado chini ya sindano. Mdomo ulikwenda upande, mkono wa kushoto ukalegea. Gari haliwezi kufika kwake, kwa hiyo tulimbeba kwenye kiti, tukipokezana juu ya mawe hadi barabarani. Hospitali walisema ni kiharusi, na kwamba tumemuwahisha.

Justa alikuja kumwona kila siku, kwa miguu. Siku moja simu yake ikaanza kumpongeza mle wodini, pembeni ya kitanda cha mdogo wake. Akaizima haraka kwa aibu.

"Mdogo wangu, chukua hii," akasema. "Mimi nipe yako."

Maneno yalikuwa mazito mdomoni mwa Suzana, lakini tuliokuwepo tulimwelewa: "Hiyo itanisifu kwa jina lako."

Wakalia wote wawili. Muuguzi alipomtaka Suzana ajaribu kusimama, Justa akamshika kiuno, na walipofika dirishani akamwambia kwa sauti ya kusikika wodi nzima: "Hongera, Suzana Mihayo. Umefika dirishani." Kesho yake wakafika mlangoni.

Tangu hapo tukaanza kusemeshana wenyewe. Suzana anatembea kwa fimbo, nasi tunamwambia amefika wapi. Kama hilo limeharibu mahesabu ya utafiti, liandikwe tu. Lakini tuseme ukweli: jirani ana siku zake za hasira, jirani husafiri, na Bwana Okwach anampongeza kila mtu, hata aliyeshinda amelala. Wivu haujaisha. Umepungua makali.

MAOMBI YETU

Utafiti ukifika mwisho, tunaomba simu zetu zifunguliwe sauti, ziseme Kiswahili, na zitutaje majina.

Tunaomba pia wataalamu wakija kuchukua takwimu, wasiondoke bila kutuambia tumefikia wapi, hata kama ni pabaya.

Ombi la tatu lilileta ugomvi kwenye kikao. Lilisema simu za Buzuruga nazo zinyamazishwe, ili tulingane. Wengi tulilinyooshea mkono, na katibu alikuwa ameshaliandika. Mama Suzana akainuka, akashika meza, tukamngoja mpaka maneno yakatoka.

"Dada yangu asinyamazishwe," alisema. "Mimi nisemeshwe."

Tukalifuta. Tumekusomea hata hivyo, Mgeni rasmi, ili ujue kimya kile kilitufikisha wapi.

Mungu akutunze wewe na wataalamu wako, awape safari njema na nguvu za magoti. Awabariki na watu wa Buzuruga. Hilo la mwisho tumelisema kwa shida, lakini tumelisema.

Ni sisi, Watembeaji wa Igogo, ambao kwenye karatasi zenu mnatuita Kundi la Pili.

Imesomwa kwa niaba ya wote na Queen Maige, Katibu.