Samaki Tuliowaandika Watoto

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kituo chetu cha utafiti wa samaki, ndugu watafiti, wenzangu wa maabara na wa usafi, wageni waalikwa: amani ya Mungu iwe nanyi. Ni mimi, mtunza matangi, yule mnayemwita Mama Magamba, na leo nastaafu.

Miaka ishirini na sita nimepasua samaki wa ziwa letu. Walikuja wakubwa, wakaja na wadogo wa urefu wa kidole, jamii ile ile, wavu mmoja. Wadogo tuliwaandika "watoto", mwaka hadi mwaka. Siku moja nikapasua mmoja, nikamwita Mtafiti Mkuu, huyu aliyekaa mbele hapa anacheka.

"Bwana mkubwa, mtoto huyu ana mayai."

"Mama, mtoto hazai."

"Basi njoo umwambie mwenyewe."

Akaja, akavua miwani, akainama juu ya samaki yule. Nani kati yenu angekubali kuambiwa kwamba daftari zake za miaka tisa zina kosa? Yeye alikubali, tena akaandika kwamba aliyeyaona mayai ni mimi. Mungu ambariki. Ndipo tukajua: wadogo wale huzaa wakiwa na mwaka mmoja, kwenye maji mafupi, mvua zikianza. Wakubwa husubiri mpaka mwaka wa nne, nao hutaga kilindini, wakati wa kiangazi. Maji yao ni mamoja, hupishana kutwa kucha, lakini msimu wa mmoja si msimu wa mwenziwe.

Ndugu zangu, niwaambie la moyoni? Hilo nalielewa kuliko mnavyodhani. Ninyi mlizaa, mkalea, mkasomesha. Mimi nilikuwa nangoja zamu yangu, na mume wangu akatangulia mbele ya haki kabla haijafika. Simlaumu Mola. Ila nyumbani kwangu kikombe kinachooshwa ni kimoja, na hakuna wa kuniuliza nimeshindaje.

Mheshimiwa, utaratibu unataka nirudishe ufunguo wa chumba cha matangi. Huu hapa, nauweka mezani. Ninaomba neno moja tu: asubuhi nije, nibishe hodi, mnifungulie niwalishe samaki wa matangini. Sitamsumbua mtu.

Saa mliyonizawadia nimeipokea kwa mikono miwili. Asanteni pia kwa kunisikiliza, maana nimezoea kusema na wasiojibu.

Leo nangoja jibu.