Dirisha la Okwir

Kijiwe chetu kiko Naguru, Kampala, nyuma ya nyumba za polisi: benchi moja lenye miguu mitatu na tofali, na sigiri ya makaa ya Mama Hortense, Mkongo anayetuuzia kahawa ya tangawizi. Wapo wanaosema hatuna kazi. Waongo! Kazi yetu ni kufikiri. Sigiri huwashwa na Okwir, konstebo, kwa sababu mkono wake ni mwepesi: anasokota kavera mbili tatu, mifuko ile ya plastiki ya sokoni, anazichomeka kwenye makaa, anapiga kiberiti, na moto umeshika kabla hujamaliza kusalimiana. Asubuhi ile alikuwa akiwasha huku macho yakiwa barabarani. Mtoto wake Adoch, wa miaka miwili, alikuwa anatoka hospitali ya Mulago. Mapafu, mara ya tatu mwaka huo, na safari hii alikaa na mpira wa oksijeni puani siku sita.

— Daktari alisema nini? akauliza Afande Odur, polisi mstaafu, mwenye methali nyingi kuliko meno.

— Alisema akirudi mara ya nne, tuombe Mungu. Okwir akapuliza moto. — Mimi nimechoka, jamani. Makaa nilitoa ndani ya nyumba, nikanunua gesi. Sasa nifanye nini tena?

— Ni baridi hiyo. Mnamwogesha asubuhi na maji ya baridi. Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge!

— Afande, methali hiyo si ya kuogesha mtoto, nikamwambia.

— Kama si ya kuoga, ni ya nini?

Mumbere akaingilia. Tunamwita Profesa kwa kuwa husoma magazeti yote yanayofungiwa chapati.

— Baridi hapana. Iko ile mnara ya simu kule juu. Simu inapita wapi? Kwa hewa! Sasa Kampala yote ikiongea, mtoto atabaki na hewa gani?

— Lisemwalo lipo, akasema Odur, halafu akakohoa, akasogea, akafuta machozi. — Moshi unafuata mwenye sura nzuri.

Husema hivyo kila siku, na kila siku tunacheka.

— Mnara wapi! akasema Mama Hortense. — Ni kaloli. Angalia ile ndege juu ya paa, mdomo kama jembe. Moja inapumua hewa ya watoto kumi, na zimejaa mji mzima!

Naona aibu kusema, lakini niligeuka nikahesabu. Walikuwa kaloli wanne. Watoto arobaini.

Hapo bodaboda ikasimama. Akashuka Akwero, mama yake Okwir, na Adoch mgongoni. Alikuwa ametoka Lira wiki ile, akaenda hospitali moja kwa moja, kwa hiyo alikuwa hajakiona kijiwe chetu. Kiswahili anacho, cha kambini. Marehemu mumewe alikuwa polisi.

— Habari zenu, wazee.

— Nzuri, mama! Karibu, karibu, kaa!

Okwir akamshika mtoto kidole. Shavuni mtoto bado alikuwa na alama ya plasta ya ule mpira. Akwero akakaa karibu na Odur, moshi ukamjia. Akahamia kwa Profesa, moshi ukageuka naye. Akainuka, akaenda hadi ukutani, hatua nne tu, akakuta moshi umeshatangulia, unaingia dirishani.

— Hii dirisha ya nani?

— Yetu, mama. Adoch analala hapo.

— Haya. Sasa nikae naye wapi, pahali moshi haifiki?

Profesa akatazama mnara wake, mnara haukumsaidia. Okwir alikuwa bado ameshika kavera moja. Akaitazama.

— Mama, ni mimi, akasema. Sauti ikamkatika. — Mimi ndiye nawasha. Kila siku.

— Sasa umejua. Utalia baadaye. Zima.

Mama Hortense hakungoja. Akainua birika akamwaga kahawa yote ya asubuhi nzima juu ya makaa, na sisi hata kikombe cha kwanza hatujapata. Sigiri ikafuka mara ya mwisho, basi.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Odur, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, methali ikakaa mahali pake.

Tukabeba benchi, tofali na sigiri hadi ng'ambo ya uwanja, mbali na madirisha. Akwero akamfundisha mwanawe kuwasha kwa majani makavu ya migomba na vijiti. Yanachelewa, nawaambia! Nanung'unika kila asubuhi, sifichi.

Huu ni mwezi wa tano tangu tuhame. Jana tulikuwa tunangoja moto ushike, tukasikia kilio kutoka dirishani kwa Okwir. Adoch alikuwa anaogeshwa, hataki. Alilia kwa nguvu, kwa muda mrefu, hadi ng'ambo huku, na hakukatisha hata mara moja ili akohoe.

— Maji ya baridi, Odur akanong'ona.

— Nyamaza, afande, tusikie, akasema Okwir, na alikuwa anacheka.

Tukanyamaza wote, tukasikiliza. Kahawa haikuwa imechemka bado, na sikunung'unika.